Safari ya Philip Boit Katika Michezo ya Theluji na Funzo Lake kwa Vijana wa Bonde la Kilombero

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Kwa wakazi wengi wa Ifakara, barafu ni kitu cha sokoni. Huvunjwa vipande na kutandazwa juu ya kambale na perege waliovuliwa katika Mto Kilombero ili wamfikie mlaji wakiwa salama. Theluji nayo hufahamika zaidi kwa picha ya Mlima Kilimanjaro, au kwa simulizi la ndugu aliyepata kusafiri ng'ambo. Katika bonde hili la mpunga na miwa, ambako mvua na mafuriko ndiyo yanayopanga kalenda ya mwaka, si rahisi kumfikiria kijana anayejipatia jina kwa kuteleza juu ya theluji au kwa kusukuma jiwe juu ya barafu.

Hata hivyo, Afrika Mashariki imepata kuwa na mwanamichezo wa namna hiyo. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret nchini Kenya, aliiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mara tatu, katika miaka ya 1998, 2002 na 2006. Hakupata medali, na katika shindano lake la kwanza alimaliza wa mwisho. Pamoja na hayo, safari yake ni miongoni mwa zinazoeleza vizuri zaidi jinsi maisha ya mwanamichezo yanavyojengwa na yanavyoweza kukatika.

Makala hii inaeleza safari hiyo, inailinganisha na ya mchezaji wa kalingi aliyekulia karibu na kiwanja chake, na kutaja njia iliyopo kwa kijana wa Bonde la Kilombero anayetaka kipaji chake kitambuliwe.

Michezo ya majira ya baridi ni ipi?

Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilianza mwaka 1924 mjini Chamonix, Ufaransa. Hujumuisha michezo inayochezwa juu ya theluji na barafu, ikiwamo mbio za kuteleza kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, ambazo huitwa skii, na mchezo wa kutelezesha mawe uitwao kalingi.

Kalingi ilizaliwa Uskoti, ambako ilichezwa juu ya mabwawa yaliyoganda tangu karne ya 16. Katika mashindano ya timu za watu wanne, kila mchezaji hutelezesha mawe mawili katika kila mzunguko, na mechi ya Olimpiki ina mizunguko 10. Jiwe moja ni la itale, na huwa na uzito unaokaribia kilo 20. Husukumwa kwenye njia ya barafu yenye urefu wa takribani mita 45 kuelekea duara lililochorwa upande wa pili. Wachezaji wawili hutangulia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa brashi ili jiwe liende mbali zaidi na lisipinde mapema. Timu ambayo jiwe lake liko karibu zaidi na kitovu cha duara ndiyo hupata alama katika mzunguko huo.

Anayetazama kwa mara ya kwanza huona kama watu wanafagia sakafu. Kwa kweli ni mchezo wa hesabu, subira na mkono usiotetemeka, na nahodha huweza kubadili matokeo ya mechi nzima kwa jiwe moja la mwisho.

Kalingi ilirejea rasmi katika ratiba ya medali za Olimpiki mwaka 1998 mjini Nagano, Japani. Timu ya wanaume ya Uswisi, nchi ambayo watafiti wake walianzisha kituo kilichozaa Taasisi ya Afya Ifakara, ndiyo iliyotwaa dhahabu, na kwa wanawake dhahabu ilikwenda Kanada. Katika michezo hiyohiyo ya Nagano, dunia ilimwona kwa mara ya kwanza Mkenya akishindana juu ya theluji.

Kutoka Eldoret hadi Nagano

Philip Boit alizaliwa mwaka 1971 katika eneo la Eldoret, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, na ni wa ukoo mmoja na Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati. Katika mji uliojaa wakimbiaji hodari, kupata nafasi katika timu ya taifa ya Kenya ni kazi ngumu kuliko kushinda mashindano mengi ya kimataifa.

Mwaka 1996 mlango mwingine ulifunguka. Kampuni ya Marekani ya vifaa vya michezo, Nike, ilitaka kujua kama pumzi na miguu ya mkimbiaji wa Kenya vinaweza kutumika katika mbio ndefu za skii. Boit na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland kufanya mazoezi. Wakati huo Boit alikuwa na umri wa miaka 24 na hakuwa amewahi kukanyaga theluji.

Wazo hilo lilikuwa na mantiki. Mbio ndefu za skii huhitaji mapafu yenye uwezo mkubwa na moyo uliozoea kazi nzito, na mambo hayo mwanariadha wa Eldoret anayo. Lakini mchezo huo una upande mwingine usiopatikana kwa pumzi pekee. Mchezaji hutumia mikono kama atumiavyo miguu, akijisukuma kwa fimbo mbili. Lazima ajue kusawazisha mwili anaposhuka mteremko, na atambue aina ya nta inayofaa kupakwa chini ya skii kulingana na hali ya theluji ya siku hiyo. Mtoto wa Norway au Finland hujifunza hayo tangu akiwa na miaka mitatu au minne. Boit alikuwa na takribani miaka miwili kuyajifunza yote.

Alipokuwa nyumbani Kenya, alifanya mazoezi kwa skii zenye magurudumu juu ya barabara ya lami. Ni njia inayotumiwa hata na wachezaji wa Ulaya wakati wa kiangazi, lakini kwao ni ya kuziba pengo la miezi michache. Kwake ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida.

Siku ya kilomita 10

Tarehe 12 Februari 1998, Boit alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za kilomita 10 mjini Nagano akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mvua ilinyesha, na theluji ikalowana na kuwa nzito, hali inayowasumbua hata wazoefu.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa mkubwa wa mchezo huo kwa wakati ule, aliyetumia dakika 27 na sekunde 24.5. Wachezaji waliendelea kuwasili mmoja baada ya mwingine hadi wote wakamaliza, isipokuwa mmoja. Boit alikuwa bado njiani, akianguka na kuinuka. Alivuka mstari kwa dakika 47 na sekunde 25.5, akiwa wa 92 na wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi.

Dæhlie alikuwa bado pale. Sherehe ya kuwakabidhi washindi medali ilicheleweshwa kwa sababu bingwa huyo alitaka kwanza kumpokea mtu wa mwisho. Walikumbatiana kwenye mstari wa kumalizia, na picha ya kumbatio hilo ikaenea duniani kote. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na urafiki wa wanaume hao wawili ukaendelea baada ya michezo.

Watanzania wana sababu ya kulielewa tukio hilo kuliko wengi. Miaka 30 kabla yake, mwezi Oktoba 1968 mjini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza likiwa limeingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa mtu wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Watu 75 walikuwa wameanza mbio hizo. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na si kuzianza tu. Akhwari na Boit hawakushindana katika mchezo mmoja wala katika kizazi kimoja, lakini wote wawili wanakumbukwa kwa sababu hiyo.

Baada ya umaarufu kupita

Kumbatio la Nagano ndilo linalosimuliwa zaidi. Miaka iliyofuata husimuliwa kidogo, ingawa ndiyo yenye uzito mkubwa kwa anayetaka kujifunza.

Ufadhili uliomfikisha Boit kwenye theluji haukudumu. Jaribio la kampuni lilikuwa limetimiza kusudi lake, na mwanamichezo akabaki na mchezo ambao nchi yake haikuwa na uwanja wake, walimu wake wala vifaa vyake. Angeweza kurejea nyumbani na kuishi kwa kumbukumbu. Badala yake aliendelea. Alishiriki Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, mwaka 2002, na ya Torino, Italia, mwaka 2006. Alijaribu kufuzu kwa michezo ya Vancouver ya mwaka 2010 bila mafanikio, na mwaka 2011, akikaribia umri wa miaka 40, bado alikuwa akishindana katika mashindano ya dunia mjini Oslo, Norway.

Miaka 15 katika mchezo wa kuazima si jambo dogo. Hata hivyo, alipoondoka hakuwapo wa kumpokea kijiti. Kenya haikuwa na mchezaji katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2010 wala ya mwaka 2014. Ilirejea mwaka 2018 mjini Pyeongchang, Korea Kusini, kupitia Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, ambako alijifunza skii za milimani. Kwa maneno mengine, aliyefuata baada ya Boit alilelewa na milima ya nchi nyingine.

Nchi nyingine za Afrika zimepita njia inayofanana. Ethiopia iliwakilishwa na Robel Teklemariam katika mbio za skii mwaka 2006 na 2010, na Eritrea na Shannon-Ogbnai Abeda mwaka 2018 na 2022. Wote wawili walijifunza mchezo wakiishi ughaibuni. Katika kalingi, Nigeria iliingiza timu ya mwanamume na mwanamke katika mashindano ya dunia ya wachezaji wawili wawili mjini Stavanger, Norway, mwaka 2019, na ikapata ushindi dhidi ya Ufaransa. Tanzania, hadi michezo ya Beijing ya mwaka 2022, haikuwa imewahi kupeleka mchezaji katika Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Mtoto wa mkulima aliyekuwa na barafu karibu

Ili kuona kilichopungua katika safari ya Boit, yafaa kuitazama safari ya mchezaji wa kalingi aliyefika kileleni. Eve Muirhead alizaliwa Uskoti mwaka 1990 katika familia ya wafugaji wa kondoo wa Blair Atholl. Baba yake, Gordon, alikuwa mchezaji wa kalingi wa ngazi ya kimataifa. Binti alikuta mchezo nyumbani, kiwanja cha barafu karibu, klabu za watoto, na mashindano ya kila umri.

Pamoja na hayo, njia yake haikuwa nyepesi. Alianza Olimpiki mwaka 2010 akiwa na miaka 19, na timu yake haikufika hatua ya medali. Mwaka 2013 alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka 2014 akapata shaba ya Olimpiki mjini Sochi, Urusi. Mwaka 2018 alipoteza mechi ya kuwania shaba mbele ya Japani, na baada ya hapo akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Kuelekea michezo ya mwaka 2022, timu ya Uingereza ilikosa tiketi ya moja kwa moja na kulazimika kuitafuta katika mashindano ya mwisho ya kufuzu yaliyofanyika Leeuwarden, Uholanzi, mwezi Desemba 2021. Iliipata. Tarehe 20 Februari 2022, mjini Beijing, Muirhead na wenzake waliifunga Japani alama 10 kwa 3 na kutwaa dhahabu. Mmoja wa wenzake, Vicky Wright, ni muuguzi aliyerudi kuhudumu hospitalini wakati wa janga la UVIKO-19. Miezi michache baadaye Muirhead alistaafu.

Muirhead na Boit wote walishindwa, wakaumia na kuvumilia. Tofauti haikuwa katika moyo. Mmoja aliposhindwa alirudi kwenye kiwanja kilicho karibu na kwao. Mwingine aliposhindwa alirudi mahali ambapo mchezo wake haukuwapo. Kipaji na subira humfikisha mtu kwenye mstari wa kuanzia. Klabu, mwalimu, chama cha mchezo na mahali pa mazoezi ndivyo vinavyoamua atadumu kwa muda gani, na kama atapatikana mwingine nyuma yake.

Bonde la Kilombero lina nini?

Wilaya ya Kilombero ina Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, na ng'ambo ya mto ziko wilaya za Ulanga na Malinyi. Kwa miaka mingi, timu zilizotaka kuvuka kwenda kucheza upande wa pili zilitegemea kivuko. Tangu kuzinduliwa kwa Daraja la Magufuli mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, safari ya mechi baina ya Ifakara na Mahenge haihitaji tena kusubiri kivuko. Reli ya TAZARA nayo inaunganisha Kidatu, Ifakara na Mlimba. Miundombinu hiyo haikujengwa kwa ajili ya michezo, lakini ligi ya eneo huishi pale ambapo timu zinaweza kufikiana.

Bonde halina theluji, na halihitaji kuwa nayo. Lina barabara za vumbi zinazofaa mbio ndefu, viwanja vya shule, na vijana waliozoea kutembea mwendo mrefu na kufanya kazi nzito mashambani. Lina pia wavuvi wanaoufahamu mtumbwi tangu utotoni, ustadi unaokaribiana na michezo ya makasia ya Olimpiki, ingawa mafuriko, mamba na viboko vya Mto Kilombero vinadai tahadhari kubwa kwa yeyote atakayefikiria mazoezi ya majini. Mchezo wenye nafasi ya kudumu ni ule ambao kijana anaweza kuufanyia mazoezi kesho asubuhi bila kusubiri nauli ya ndege.

Njia iliyopo kwa kijana na mzazi

Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mlango wa kwanza ni UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni UMISSETA, Umoja wa Michezo kwa Shule za Sekondari Tanzania. Mashindano haya huanzia ngazi za chini na kupanda hadi ngazi ya taifa, na ndiyo yanayompa mtoto wa kijijini nafasi ya kuonekana na walimu wa nje ya kata yake.

Kwa kijana aliyemaliza shule, mlango ni klabu iliyosajiliwa. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lilianzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967 na ndilo lenye jukumu la kusimamia maendeleo ya michezo nchini. Vyama vya michezo vya kitaifa hufanya kazi chini ya usimamizi huo, na Kamati ya Olimpiki Tanzania, TOC, hushughulikia ushiriki wa nchi katika Michezo ya Olimpiki. Ofisa michezo wa halmashauri ndiye mtu wa karibu zaidi wa kumwuliza mwananchi anapotaka kusajili klabu au kufahamu taratibu.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Mzazi asitoe fedha wala hati ya kusafiria ya mtoto kwa mtu anayeahidi nafasi ya kwenda kucheza nje ya nchi kabla ya kuthibitisha ahadi hiyo kwa chama cha mchezo husika na BMT.

2. Kijana anayepata mfadhili aulize mapema na kwa maandishi: ufadhili ni wa muda gani, nani atalipa matibabu akiumia, na nini kitafuata utakapokoma.

3. Klabu iweke kumbukumbu za mashindano na matokeo ya wachezaji wake. Muda uliopimwa na kuandikwa humsaidia mwanariadha kuliko sifa za mdomo.

4. Shule isimwondoe mwanamichezo darasani. Wachezaji wengi wa ngazi ya dunia wana taaluma nyingine, na taaluma hiyo ndiyo inayowapokea siku mchezo unapokwisha.

5. Kiwanja cha kijiji au cha shule kilindwe kisivamiwe kwa ujenzi au kilimo, kwa kuwa kikipotea ni vigumu kukirejesha.

Philip Boit alikwenda kuitafuta theluji umbali wa maelfu ya kilomita, akaanguka mbele ya dunia nzima, akainuka na kumaliza, kisha akaendelea kwa miaka mingine 13. Anastahili heshima yote aliyopewa. Heshima kubwa zaidi ambayo eneo linaweza kumpa mtu wa namna hiyo ni kuhakikisha kwamba kijana wake mwenye moyo kama huo anapata nyumbani kiwanja, mwalimu na klabu ya kumpokea anaposhindwa.